Mlango wa Kushoto Mbele

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Aibu tupu. Mke wangu ametolewa kwenye gari langu kupitia dirishani, mbele ya waumini wote, akiwa na sare ya Wawata, chama cha wanawake Wakatoliki.

Niweke mambo sawa kwa ajili ya kumbukumbu. Gari ni zima. La Kijapani, la zamani kidogo, injini haina neno, matairi yanatazamika. Tatizo ni senta loki. Ukifunga mlango wa kushoto mbele, au hata ukitikisika tu, milango yote inajifunga, kwaa! Halafu haifunguki mpaka yenyewe ijisikie. Rimoti haisaidii. Vitasa havisaidii. Sala nazo nimejaribu. Mimi nimeshazoea kutokea dirishani kwangu, lakini kioo cha upande wa Benigna kinashuka nusu tu.

Leo baada ya misa ya pili Benigna alitangulia kukaa. Mimi nikasimama nje kidogo kumsalimu paroko. Kwaa! Ufunguo ndani, mke ndani, jua la Oktoba nje. Watu wakajaa. Aliyekuja kumwokoa ni Lugembe, nani mwingine? Alikisukuma kioo chini kwa viganja, akamshika Benigna mabega, akamvuta. Kwaya ilipiga makofi. Kuna mama alipiga vigelegele, namfahamu, nitamkumbuka.

Huyu Lugembe ni jirani yangu hapa Kanyenye, Tabora. Ni fundi umeme wa magari, na tangu Juni ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, kiti ambacho kila mwenye akili alijua ni changu. Nilishindwa kwenye kura. Benigna mwenyewe alimpigia yeye! Alisema mimi ningeuza hata benchi za jumuiya.

Leo Lugembe akatangaza, kwa sauti ya kuhubiri, kwamba nimpelekee gari aangalie nyaya za pale kwenye bawaba. Nikamjibu kwamba nina mtaalamu wangu. Sina.

Jumatatu, 7 Oktoba

Benigna ameondoka. Amepanda basi la asubuhi kwenda kwao Ulyankulu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba hatakaa tena ndani ya kitu kinachomwamulia lini atoke, na kwamba kwa sasa anazungumzia gari. Aliniachia maharage kwenye sufuria. Nimeyala yote saa nne asubuhi kwa hasira.

Duka langu la steshenari sikulifungua. Nani aje kupigwa picha za pasipoti na mtu mwenye uso kama wangu? Nimekaa sebuleni. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimesema kwa sauti kwamba chai haina sukari, na hakuna aliyenijibu kwamba sukari iko mbele ya macho yangu.

Jioni nimempigia baba mkwe, Mzee Sindayigaya. Wazee wake walitoka Burundi wakaja kulima Ulyankulu, na mila zao hazikunjiki. Nimempa shikamoo, akaitika marahaba, akakaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema mume aliyekimbiwa hajiombei mwenyewe. Anakuja na msemaji, mtu wa heshima, na yeye mume anakaa pembeni amefunga mdomo. Tena nije na gari ambalo milango yake inafunguka, kwa sababu hatoi binti yake akawekwe kwenye sanduku.

Nikamuuliza kwa unyenyekevu angependa msemaji wa namna gani. Akasema yule bwana aliyemtoa Benigna dirishani. Benigna amemsifu sana.

Yesu na Maria!

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeamka na mpango. Lugembe atakwenda kama mdomo tu, si kama fundi. Gari nitalitengeneza mwenyewe kabla hajaligusa. Ataombea ndoa yangu akiwa amekaa kwenye gari nililoliponya kwa mikono yangu. Atateseka!

Nimefungua kava la mlango kwa kisu cha jikoni. Klipu zimevunjika, lakini chache. Ndani kuna vyuma vyembamba, nyaya, na kimota kidogo cha loki. Kila kitu kimejaa vumbi, kimekauka kama koo la mlevi. Nikajua ugonjwa hapo hapo. Ukavu.

Kilichotakiwa ni grisi. Lakini kwa nini mtu wa Tabora anunue grisi dukani wakati tumezungukwa na asali na nta? Vyuma vya babu zetu vilipakwa nini? Sijui, lakini si grisi ya dukani.

Nikaenda Kwihara kwa Shangazi Recheli, ambaye ana mizinga mingi ya nyuki porini. Njiani nikakutana na wazungu wawili wanatafuta tembe la Livingstone, ile nyumba ya makumbusho. Nikawakaribisha garini kwa ukarimu. Mlango ukafanya kwaa kabla hawajapanda. Wakasema watatembea.

Shangazi akauliza nta ni ya nini. Nikasema ya mlango. Akaniambia kwamba wao nta yenye asali kidogo huipaka ndani ya mzinga mpya. Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka. Mzinga ni sanduku, mlango ni sanduku, kinachoufaa mzinga kitaufaa mlango. Shangazi alinitazama kwa muda mrefu. Akanipa kopo. Alikuwa anaendelea kusema jambo lakini nilishawasha gari.

Jumatano, 9 Oktoba

Nta imeyeyushwa kwenye sufuria ya Benigna ya wali. (Kuisugua kabla hajarudi. Muhimu!) Nikaimimina yote mlangoni. Mimi si mchoyo. Kule chini mlango una vitundu vya kutolea maji ya mvua, nta ikachuruzika hapo ikaganda pembeni vizuri, kama ukuta uliopigwa lipu. Kava nikalirudisha kwa gundi ya karatasi. Skrubu nne zimebaki. Wajapani wanapenda kuzidisha.

Loki bado haifunguki. Subira. Dawa haiingii mwilini siku moja.

Mchana nikaenda kwa Lugembe. Nilimkuta na tochi mdomoni, kichwa ndani ya boneti ya mtu. Hakukitoa. Nikamweleza shida yangu yote nikiongea na mgongo wake. Akasema hajasikia vizuri, nirudie. Nikarudia, mbele ya wateja: Mwenyekiti, nakuomba uniombee mke wangu. Ndipo akasimama wima, akajifuta mikono taratibu, akasema atakuja, ila alikague gari kwanza. Nikakataa. Akakubali hivyo hivyo, maana huyu mtu akinyimwa nafasi ya kuhutubia anaugua.

Sasa hivi namsikia nyuma ya ukuta anafanya mazoezi ya hotuba. Anazungumzia ng'ombe. Ng'ombe gani? Mimi sina hata bata.

Ijumaa, 11 Oktoba

MUUJIZA!

Nimerudi kutoka dukani mchana. Mama Shukrani, muuza maandazi wa pale kona, akaniambia kuna wingu jeusi lilizunguka gari langu kisha likapotea. Nikamwambia ni vumbi la Oktoba, mama, kaanga maandazi.

Halafu nikaweka sikio mlangoni. Nguuuuu! Mota inanguruma! Mota ambayo haijatoa sauti tangu nilinunue gari! Nikazima swichi. Inanguruma. Nikachomoa betri kabisa, nikaiweka chini. Inanguruma! Nta imeipa mota nguvu ya kujitegemea. Nadhani hakuna mtu amewahi kugundua jambo hili. Nimeanza kufikiria jina la kampuni.

Kuna nyuki wawili watatu wanapita pita. Harufu ya asali hiyo. Jambo dogo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Lugembe amekuja eti kupanga safari. Macho yake yote yako kwenye gari. Akajifanya amechoka, akauegemea mlango ule ule ili auchunguze. Akang'atwa sikio! Nimecheka mpaka nikakaa chini. Akasema gari lina nyuki. Nikamuuliza Tabora nzima ni wapi pasipo na nyuki. Akasema anasikia mlango unanguruma. Nikamjibu kwa upole kwamba hiyo inaitwa mota, na kwamba fundi mwenzake akifanikiwa, mtu muungwana hupongeza.

Ukweli niuandike hapa: loki bado inafunga na haifungui. Lakini mota yenye sauti kama hiyo haiwezi kushindwa siku ya siku. Inajiandaa.

Zawadi tayari. Kreti la bia kwa ajili ya wazee, kitenge cha mama mkwe, sukari. Sufuria ya wali haisuguliki.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya Nyerere, nchi nzima imepumzika. Isipokuwa mimi. Naandika mkono ukiwa umevimba, kwa hiyo herufi zinisamehe.

Tumeondoka alfajiri, kukiwa na baridi. Mota imenyamaza, imelala. Lugembe kwenye kiti cha mbele kushoto, suti nyeusi, rozari mfukoni, hotuba kichwani. Mwanzoni safari nzuri. Lakini jua lilipopanda na barabara ilipoharibika, mota ikaamka. Kila shimo, inaongeza nguvu! Lugembe akawa anausogelea mkono wangu kidogo kidogo, mpaka nikashindwa kubadili gia. Akasema nisimamishe gari, ile si mota. Nikamwambia wivu ni dhambi, naye ni mwenyekiti wa jumuiya.

Tukafika. Wazee wamekaa kwenye mabenchi uani, Mzee Sindayigaya katikati na fimbo yake. Na pale mlangoni kwa jiko, Benigna. Amejifunga kanga ya kijani. Moyo wangu uliruka, sikutegemea uruke vile. Nikazima gari kwa madaha.

Kwaa!

Wazee wanatazama. Sisi tunawatazama. Nikatabasamu. Nikashusha kioo changu nikatoka kama nilivyozoea, kichwa kwanza, na shikamoo yangu kwa baba mkwe niliitoa nikiwa nimening'inia, miguu bado garini. Akaitika. Mzee ni muungwana.

Lugembe yeye hakutaka kutoka dirishani na suti. Akasema sasa basi, heshima yake imefika mwisho, akachomoa bisibisi (amekuja na bisibisi kwenye shughuli ya ukwe!) akalikwanyua kava la mlango. Nikapiga kelele asiguse mota yangu.

Haikuwa mota.

Sijawahi kuona mwenyekiti akitoka kwenye gari kwa kasi ile. Alipita dirishani kwangu bila kugusa pembeni. Nyuki wakatoka nyuma yake kama moshi. Wazee, mabenchi, mbuzi, mimi, wote tukakimbilia banda la kukaushia tumbaku. Mzee mmoja aliyekuwa anatembelea magongo alifika wa kwanza.

Humo bandani, kwenye giza, Mzee Sindayigaya akasema shughuli iendelee. Mila hazikunjiki. Lugembe akasimama, akajifuta, akafungua mdomo. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba mpaka puani. Akasema mmmm. Akanyoosha mkono kwa ustadi, akasema mmmm mmmm, nikatambua ni pale kwenye ng'ombe. Wazee walimsikiliza kwa heshima kubwa. Mmoja aliitikia kwa kichwa. Alipomaliza, Mzee Sindayigaya akanigeukia, akasema msemaji wako amesema vizuri sana, sasa tuambie amesema nini.

Mume haongei. Lakini nani mwingine alikuwepo? Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri kuhusu loki. Sijui ulikwenda wapi. Nilisema kwamba msemaji amesema nyumba ni kubwa mno. Kwamba chai haina sukari na hakuna wa kunionyesha ilipo. Kwamba tangu Jumatatu iliyopita hakuna mtu aliyeniambia nimekosea, na nimekosea kila siku. Kwamba namtaka Benigna arudi, na hata akitaka nitamrudisha Kanyenye kwa miguu. Sauti yangu ilifanya jambo la ajabu hapo katikati. Ni moshi wa tumbaku ule.

Lugembe akasema mmm, kwamba ndivyo alivyosema.

Kumbe Benigna hakuwa amekimbia. Tulipochungulia kwenye nafasi ya mbao tulimwona anaelekea kwenye gari polepole, ameshika tita la majani linalofuka moshi. Amekulia kwenye mizinga ya baba yake, anawajua nyuki. Akawapulizia mpaka wakatulia. Kisha akachungulia ndani ya mlango, akapiga kelele kumwita baba yake aje aone.

Mzee akatoka. Akachungulia. Akavua kofia! Kundi zima la nyuki limeshaanza kujenga masega juu ya kimota changu. Akasema amening'iniza mizinga mipya tangu Agosti haijaingia hata nyuki mmoja, na leo mkwe wake amemletea kundi mpaka uani, kwa gari, likiwa kwenye mzinga wake wa chuma. Akauliza nani amenifundisha. Nikasema nimejifunza mwenyewe. Ni kweli!

Wakaomba spana. Benigna akafungua bolti za bawaba, baba yake ameushikilia mlango. Nyaya nazo akazikata, maana aliona zinawachelewesha. Mlango wa kushoto mbele, pamoja na kioo chake cha nusu, sasa umefungwa kwa kamba kwenye mti nyuma ya nyumba ya baba mkwe. Umependeza.

Benigna akalitazama lile pengo. Akakaa kwenye kiti. Akatoa mguu mmoja nje. Akaurudisha. Akautoa tena. Akasema haya, twende.

Nikamuuliza kama ni hotuba iliyomgusa. Akasema hotuba aliisikia, lakini anarudi kwa sababu ya pengo. Kisha akanishika mkono uliovimba, kwa nguvu, sehemu ileile inayouma. Sikuutoa.

Jumanne, 15 Oktoba

Jana jioni tulirudi salama. Benigna mbele, amefunga mkanda, upepo unampiga, kuku wa zawadi mapajani, anachungulia barabara ikipita chini yake na kucheka. Lugembe nyuma, kimya kitakatifu.

Askari wa barabarani alitusimamisha. Akazunguka gari. Akauliza mlango uko wapi. Nikasema umebaki ukweni. Akatafakari. Akauliza kama mahari yote ilikuwa milango au huo ulikuwa wa nyongeza. Benigna akamjibu kwamba ni wa kwanza, mingine italetwa kidogo kidogo. Akaturuhusu, huku amefunika mdomo kwa kofia.

Benigna ameiona sufuria ya wali. Ameniambia nimekosea. Raha iliyoje!

Alhamisi, 17 Oktoba

GARI LIMEPONA! Leo nimejaribu rimoti. Ti-ti: milango mitatu imefunga. Ti-ti: mitatu imefunguka. Ndani, nje, kwa ufunguo, kwa kitasa, inatii kama wanafunzi mbele ya mkaguzi.

Lugembe, ambaye mdomo wake umerudi kwa bahati mbaya, amesema waya uliokatika ulikuwa kwenye mlango ule wa kushoto, pale pale bawabani alikosema siku ya kwanza. Ndio uliokuwa unaichanganya mingine, na sasa umeondoka pamoja na mlango. Nimemtazama kwa huruma. Mtu amesoma umeme, hana jinsi, lazima aone waya kila mahali.

Ni nta. Iko wazi. Imepita kwenye nyaya ikasambaa gari zima. Kabla ya nta loki mbovu, baada ya nta loki nzima. Mtu anataka ushahidi gani zaidi?

Ili dawa isiishe nguvu, nimekwenda Kwihara kuchukua kopo lingine. Shangazi Recheli alinishika shati anataka kuniambia jambo. Nikamwahidi nitamsikiliza Krismasi. Mchana huu nimeimimina yote kwenye milango mitatu iliyobaki, na nikaongeza asali kidogo. Benigna ameuliza harufu ni ya nini. Nimesema natengeneza mishumaa ya siku ya Marehemu Wote. Ameguswa sana.

Jumamosi, 26 Oktoba

Maisha ni matamu. Mzee Sindayigaya amepiga simu kusema mlango hajambo, unafanya kazi vizuri, na wazee wa kule wananisalimu kwa jina la Fundi. Lugembe amepewa taarifa hiyo mara kadhaa.

Benigna ameimba jikoni leo. Sijamwambia kwamba nilisimama dirishani nikisikiliza. Nimefurahi, naliandika hapa.

Kila jioni natoka uani, nanyoosha rimoti, ti-ti, kwaa! Milango mitatu inafunga kwa pamoja. Mama Shukrani anasema mwizi ataingilia pale pasipo na mlango. Nimemwambia akaange maandazi. Mwizi husikia kwaa akakimbia.

Kesho tunakwenda misa ya pili, mimi na mke wangu, mbele ya kwaya ile ile. Benigna anataka kukaa kwenye pengo. Nimekataa katakata. Mke wa mtu mwenye senta loki nzima hukaa nyuma, penye mlango, watu waone unavyofunguka.

Nimetoka kuukagua sasa hivi mlango wake. Kuna nyuki wawili watatu, jambo dogo, wale wengine si tuliwaacha Ulyankulu? Nimeweka sikio. Mota ya nyuma imeamka. Inanguruma vizuri kuliko hata ile ya kwanza.